Madoa ya mtoto na maswali tunayosahau kuuliza: kwa wenzangu mnaoanza kazi Nakivale

Wadogo zangu mliopangiwa vituo vya afya vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, karibuni. Hapa Kiswahili ndicho kitakachowafaa zaidi, maana wagonjwa wengi ni ndugu zetu kutoka Kongo. Mama atafika na mtoto mgongoni, akuambie, "Dokta, huyu ana madoa." Foleni nayo imefika nje. Ni rahisi mno kuandika dawa ya kupaka na kuita anayefuata.

Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kituo kingine. Mtoto alikuwa wa miaka 2, ana mabaka meupe mgongoni na mapajani. Nikampa dawa ya fangasi. Sikuuliza kama ameanza kuongea, sikuuliza kama amewahi kupata degedege. Mwaka uliofuata mama alirudi, mabaka yako palepale, mtoto ana kifafa na bado hajaita "mama". Yule mtoto ndiye aliyenifundisha yote ninayowaandikia hapa.

Mtoto akiwa tumboni mwa mama, ngozi na ubongo wake vyote huanzia kwenye tabaka la nje la kiinitete. Kwa hiyo zipo jeni ambazo zikiwa na hitilafu huacha alama kwenye ngozi huku zikiuathiri ubongo. Tuberasi sklerosisi, inayotokana na jeni ya TSC1 au TSC2, ndiyo ya kuijua mapema. Mabaka yake ni meupe kidogo kuliko ngozi, mara nyingi marefu kama jani, na huwapo tangu kuzaliwa au miezi ya mwanzo. Hayawashi. Hayana magamba kama fangasi, na ukiyapapasa kwa uzi wa pamba mtoto anahisi, tofauti na mabaka ya ukoma. Mtoto akikua hutokewa na vinundu vidogo mashavuni na kandokando ya pua, watu wakaviita chunusi. Mtoto wa miaka 6 ana chunusi za nini? Mvue shati umtazame mwili mzima. Wengi wenye ugonjwa huu hupata kifafa, na karibu nusu huwa na usonji.

Kwa mtoto mchanga mwenye mabaka hayo, uliza swali hili kwa ishara, usilitamke tu: inamisha kichwa ghafla, kunja mwili, rusha mikono, rudia mara kadhaa. "Mama, mtoto huwa anafanya hivi, hasa akiamka?" Wengi hudhani ni tumbo linamsokota. Akijibu ndiyo, mtoto huyo hasubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali ya rufaa ya Mbarara haraka iwezekanavyo, kwa sababu degedege ya aina hii ikichelewa kutibiwa humrudisha mtoto nyuma kiakili.

Neurofibromatosisi ya aina ya kwanza huja na mabaka ya rangi ya kahawa. Ukihesabu 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kwa mtoto ambaye hajabalehe, na ukaona vidoadoa kwapani, uliza habari za darasani. Wengi wao hushindwa kutulia, husahau walichotumwa, kusoma kunawalemea, na fimbo wamekula nyingi kwa kuitwa wakaidi. Wazazi wakisema kwenye ukoo hakuna mwenye hali hiyo, usiifute: karibu nusu ya wagonjwa ndio wa kwanza katika familia zao. Lakini baka moja au mawili ya kahawa watoto wengi wazima wanayo. Msimtie mama hofu bure.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza: jeni kugusa ngozi na ubongo pamoja. Njia ya pili, ambapo ugonjwa uko mwilini lakini kinachomuumiza moyo mtoto ni maisha anayoishi nao, ni tofauti kabisa, na ukiichanganya na ya kwanza utamdhulumu mtoto. Jeni za ualbino hazipunguzi akili. Mtoto mwenye ualbino huona kwa shida, macho yake hucheza na mwanga humuumiza, kisha anakalishwa nyuma ya darasa na kuitwa mjinga. Nyumbani baba ameondoka akidai mtoto si wake. Njiani anaitwa majina ambayo sitayaandika. Huzuni yake imetoka kwetu sisi, kwa hiyo tiba yake inaanza na dawati la mbele, kofia, mikono mirefu na mazungumzo na mwalimu. Vivyo hivyo mwenye ngozi ya magamba, au yule ambaye ngozi hutoka malengelenge kwa kuguswa tu na kila kubadilishiwa bandeji ni maumivu. Na mwenye pumu ya ngozi, ambayo hutembea katika familia: ukimwona hatulii, uliza kwanza analala saa ngapi. Anayejikuna usiku kucha hawezi kusikiliza mchana.

Kuhusu lawama, mimi hutumia maharage. Kila harage ni nakala moja ya jeni, na jeupe ndiyo yenye hitilafu. Naweka mawili mbele ya baba, moja jeupe na moja jekundu, na mawili ya aina hiyo mbele ya mama. Kila mmoja anafumba macho na kuchukua moja. Ualbino huja yakikutana meupe mawili, nafasi moja kati ya nne. Hapo baba anaona kwamba na yeye alitoa harage. Rudisheni maharage na mrudie, ili waelewe kwamba kila mimba inaanza upya. Wengi hufikiri wakishapata mmoja, watatu wanaofuata wako salama.

Jambo jingine, fupi. Fenobabitoni tunayowapa wenye kifafa huwafanya baadhi ya watoto wawe wakali na wasitulie. Mama akisema tabia imebadilika, linganisha na tarehe ya kuanza dawa kabla ya kusema ni ubongo.

Zungumza na mtoto mwenyewe. Mwambie, "Mwanangu, naomba nione mgongo wako," na umfunike ukimaliza. Wale wakubwa, kuanzia miaka 10 hivi, tafuta nafasi ya kuwa naye peke yake, VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) au muuguzi mwenzako akiwa karibu, umuulize kama huwa anatamani kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Niliwahi kujibiwa na binti mdogo, "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," na akalia mpaka akanyamaza mwenyewe.

Kisha chukua daftari la mgonjwa, lile la shule wanalotembea nalo. Chora mwili wa mtoto, weka mabaka mahali pake na uandike ukubwa wake. Chini andika: anaongea au haongei, degedege lini, analalaje, shule ikoje, anacheza na nani. Mama anaweza kukosa nauli miezi mitatu na kufika Mbarara wewe ukiwa umeshahamishwa.