Usiangike daluga mapema: nilichojifunza kwa Jerry Tuwai

Niliangika daluga nikiwa na miaka 23. Alhamisi jioni kocha alisoma majina ya kikosi, langu halikuwemo kwa msimu wa tatu mfululizo, nikapanda matatu nikarudi nyumbani. Lile begi sikulifungua tena kwa karibu miaka miwili. Hakuna aliyenifukuza. Nilijiaminisha tu kwamba raga ni ya vijana wa miaka 19.

Leo nafundisha vijana kila Jumamosi asubuhi, na hakuna mwaka unaopita nisikutane na mmoja aliyefika pale nilipofika mimi. Huyo mimi humsimulia habari za Jerry Tuwai, mchezaji wa raga wa Fiji.

Tuwai alizaliwa 1989, akakulia Newtown, mtaa wa watu wa kipato cha chini huko Nasinu, jirani na mji mkuu, Suva. Jezi ya taifa ya raga ya wachezaji saba aliivaa kwa mara ya kwanza Oktoba 2014, akiwa na miaka 25. Kwa nchi ambayo raga huchezwa hadi vijijini na vipaji ni vingi kuliko nafasi, huko ni kuchelewa kweli. Aprili 2016 Kenya yetu iliwachapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, nami nilishangilia hadi sauti ikakauka. Miezi minne baadaye, Rio, Tuwai na wenzake waliifunga Uingereza 43-7 na kuipa Fiji medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Mwaka 2019 alitajwa mchezaji bora wa dunia wa raga ya saba. Tokyo, katika michezo iliyochezwa 2021, alikuwa nahodha walipoipiga New Zealand 27-12. Paris 2024, akiwa na miaka 35, aliongeza medali ya fedha.

Sasa mtazame kwenye video, polepole. Si pande la mtu. Akimkabili mlinzi, mpira uko kwenye mikono miwili, hatua zinafupika kama za mtu anayetaka kusimama, macho yako kwenye nyonga za mlinzi. Nyonga zikigeuka kidogo tu upande mmoja, yeye keshapita upande wa pili. Chenga ile haihitaji kifua kipana, inahitaji kurudiwa mara elfu. Niliporudi uwanjani nilijaza mchanga chupa tano za plastiki, nikazipanga hatua mbili mbili, nikawa nazipiga chenga alfajiri kabla ya kazi. Miezi mitatu sikuona tofauti yoyote. Endelea tu.

Kazi usiiache. Levani Botia, mchezaji mwingine wa raga, alikuwa askari magereza huko Fiji kabla ya kwenda Ufaransa, ambako klabu yake, La Rochelle, ilitwaa ubingwa wa Ulaya 2022 na 2023 naye akiwemo. Mshahara mdogo unaolipa nauli ya mazoezi ni sehemu ya safari.

Lakini ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: muulize kocha. Misimu ile mitatu nilinuna, nikalalamika kwa wenzangu, nikasema kuna upendeleo. Niliporudi nilimfuata yule yule kocha, nikamwambia, "Kocha, nikirekebisha kitu kimoja tu, kiwe kipi?" Hakufikiri hata kidogo. Alisema pasi yangu ya mkono wa kushoto inamfikia mwenzangu magotini. Jambo la kurekebishwa kwa wiki sita, nami nililipia kwa miaka mitano.

Jumamosi iliyopita kijana wa miaka 24 alibaki uwanjani wenzake walipoondoka, begi begani, akizungukazunguka bila kusema. Nilijua anachotaka. Nikamrushia mpira, nikamwambia anirudishie kwa mkono wa kushoto.