Re: Punda ana kinyama jichoni
Mkuu, hicho kinyama chekundu kwenye kona ya jicho la punda wako hapo Chamwino usikikate kwa wembe kama jirani alivyokushauri. Kikiwa kwenye kope la tatu, ule utando unaochomoza konani, na kina uso wa mabonde kama koliflawa, kansa ndiyo ya kuwaza kwanza, hasa ngozi ya kuzunguka jicho ikiwa nyeupe. Jua letu la Dodoma halina huruma. Ila minyoo inayoletwa na nzi nayo huacha kidonda kinachofanana, mara nyingi chenye chembe ngumu za manjano, na hicho hutibiwa kwa ivermektini, dawa ya minyoo. Kwa macho tu utabahatisha. Daktari wa mifugo achukue kipande, akiweke kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ya kukihifadhi kisioze, kipimwe maabara. TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana kituo hapa Dodoma.

Ikiwa ni kansa na bado ndogo, kope hilo hukatwa kwa ganzi. Ikishaingia ndani, jicho lenyewe hutolewa, na punda wa jicho moja anabeba madumu vizuri tu.

Hayo matone ya macho uliyonunua, soma lebo: yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), kama kioo cha jicho kina kidonda, yanaweza kulitoboa.