Kuunga chila ya kukodi: kagua valvu kabla hujagusa spana

Mkuu, umesema chila yenu (mashine ya kupoza maji) ya kilowati 500 imeua kompresa, ya kukodi inafika kesho, na bosi anataka muiunge kwa mpira wa inchi 4 bila kusimamisha uzalishaji. Nimepita hapo, kwenye kiwanda kimoja cha vinywaji Dar, na nililowa hadi soksi.

Kilichoniponza ni valvu. Za kipepeo ziko aina mbili. Moja hubanwa katikati ya flanji mbili (visahani vya kuungia bomba) kwa bolti ndefu zinazotoka flanji hii hadi ile. Nyingine ina masikio yenye nyuzi za kukazia bolti, kila upande unafungwa kwa bolti zake. Ile ya kwanza ukiifunga inazuia maji vizuri tu, ila ukilegeza bolti utoe bomba la mbele, umelegeza hizohizo zinazoishikilia yenyewe. Tulikuwa nati ya tatu kati ya nane, saa nane usiku, kijana wangu akaniambia, "Fundi, mbona inatoa jasho?" Halikuwa jasho.

Kwa hiyo nenda na tochi leo, futa kutu, zitazame. Kama ni za kubanwa, mwambie bosi laini itasimama na kipande hicho cha bomba kitamwagwa maji yake yote. Kutoboa bomba likiwa na presha kunawezekana, lakini kuna mashine yake na mafundi wake, si kazi ya kujifunzia usiku.

Mpira wa inchi 4 mimi siuchukui. Kilowati 500, tofauti ya nyuzijoto 6 kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi, ni kama lita 20 kwa sekunde. Kwenye inchi 4 maji yatakimbia mita 2.5 kwa sekunde. Inchi 6 ni mita 1 na kidogo, na pampu itakushukuru. Upande wa pampu kuvuta, mpira uwe na waya ndani usije ukanywea. Usuuze kabla ya kuunga, ile ya kukodi hujui imetoka wapi. Toa hewa sehemu ya juu kabisa, chujio uliangalie tena baada ya saa moja.

Halafu ile chila mbovu: ifungie maji! Sisi tuliisahau wazi. Ya kukodi ilitoa maji ya nyuzi 6, kiwandani yakafika 9, tukamlaumu mwenye mashine asubuhi nzima. Kumbe nusu ya maji yalikuwa yanapita kwenye maiti yakiwa na nyuzi 12 zake na kuja kuchanganyika mbele.

Mkishamwaga maji, msifunge hivihivi. Wekeni tii mbili (viungo vya njia tatu) zenye valvu za masikio na flanji butu ya kuziba mdomo, moja ya kwenda, moja ya kurudi. Kompresa ya pili nayo ina umri uleule, sivyo?