Obo haikukosa muziki baada ya Baroque

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napuliza obo, zumari ya mbao ya okestra, mwaka wa kumi na mbili sasa, hapa Mtwara mjini. Watunzi wa Baroque, muziki wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750, kina Albinoni, Marcello, Telemann na Vivaldi, nimewapiga sana. Nataka muziki wa baadaye, mgumu zaidi, na wa kunisindikiza ni mpiga kinanda wa kanisani tu. Nimeuziwa kwa simu furushi la noti mia tatu za “obo ya kisasa”. Nianze na zipi?

JIBU: Marahaba. Usianze na hata moja. Mafurushi hayo naletewa kila mara na najua kilichomo: vipande vya violini na filimbi vilivyopitishwa kwenye programu ya kompyuta, kisha vikaandikwa “obo” juu. Violini hushuka hadi Sol. Obo inaishia Si bemoli, juu kidogo ya hapo. Programu ikifika hapo huzipandisha noti oktavu nzima, na wimbo uliokuwa ukiteremka polepole unaruka ghafla. Halafu pumzi. Mpiga filimbi huishiwa hewa, wewe hewa inakubakia kifuani imechakaa, kwa sababu tundu la tete, kile kijiti cha mdomoni, ni dogo, na huna budi kuitoa kabla ya kuvuta nyingine. Programu inajuaje hilo?

Wauzaji hawa wanaishi kwa uongo mmoja, kwamba baada ya Bach, jabali la Baroque, watunzi waliitupa obo, kwa hiyo lazima tuazime. Mwaka 1849 Schumann alitunga Romansi tatu za obo na piano. Mchapishaji alipoomba ruhusa ya kuandika kwamba zinafaa klarineti pia, Schumann alikataa: angetunga kwa klarineti, kingekuwa kitu kingine kabisa. Hata Mozart, alipoigeuza konseto yake (kipande cha chombo kimoja na okestra) ya obo ya 1777 kuwa ya filimbi mwaka uliofuata, aliipandisha kutoka Do hadi Re na kuandika upya sehemu za mpigaji. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye masikio.

Ni kweli kwamba karne ya 19 ina kazi chache za obo peke yake. Watunzi waliiweka ndani ya okestra: sikiliza mwendo (sehemu) wa pili wa konseto ya violini ya Brahms, obo ndiyo inayouimba wimbo mwanzo, violini inangoja. Karne ya 20 ikarudisha deni. Saint-Saëns aliandika sonata yake ya obo na piano mwaka 1921, mwaka aliofariki. Mwendo wa kati unafungua na kufunga bila kipimo kikali, na mpiga kinanda wako ataumudu. Sonata ya Poulenc (1962) ni nzito zaidi, mwendo wa mwisho ni maombolezo. Konseto ya Strauss ya 1945, aliyoiandika baada ya mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa mpiga obo kumuuliza kama amewahi kufikiria kuitungia chombo hicho, iache mwaka mmoja. Mwanzo wake karibu haukupi mahali pa kupumua.

Kwako wewe, usiye na okestra, ningetanguliza Britten: vipande sita vya 1951, obo pekee, vimejengwa juu ya visa vya Ovid, mshairi wa Roma ya kale. Cha kwanza ni Pan, mungu wa hadithi za Wagiriki, na filimbi yake ya matete, hakina kipimo cha mapigo. Utajisikia uchi, na ndipo utakapoijua sauti yako. Obo nyingi zimechongwa kwa mpingo, mti uleule wa misitu ya Kilwa. Inaniuma kuusikia ukipulizwa takataka.

Schumann na Saint-Saëns walifariki zamani, machapisho yao ya awali yanapatikana bure na kihalali kwenye intaneti. Hela yako nunulia Britten, au matete.

Nanyi walimu wa bendi na kwaya wa Masasi, Nachingwea na Lindi, mnaouziwa “noti za tarumbeta” na “noti za klarineti” kwa mtindo huohuo: kabla ya kutuma pesa, muulizeni muuzaji kipande kilitungwa na nani, mwaka gani, kwa chombo gani. Akishindwa hata moja, msimpe shilingi.