Makala ya jarida si sura ya tasnifu iliyofupishwa

Kila mwaka mimi husoma rasimu za vijana waliomaliza uzamili au uzamivu na sasa wanataka kuchapisha. Utafiti wenyewe mara nyingi ni mzuri, na data zimekusanywa kwa jasho. Hata hivyo mhariri huirudisha kazi kabla haijafika kwa wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima kazi, na jambo hilo huniuma, kwa sababu chanzo chake karibu kila mara ni kilekile: mwandishi amechukua sura ya tasnifu, akaikatakata mpaka ikatosha idadi ya maneno, akaituma.

Tasnifu inamthibitishia mtahini kwamba umesoma na umefuata taratibu. Makala inampa msomaji jambo moja ambalo hakulijua. Basi kabla hujafungua faili la tasnifu, andika sentensi inayoanza na "Makala hii inaonesha kwamba" kisha uimalizie. Ikikushinda kuimaliza, makala bado haijapatikana. Ikihitaji "pia" tatu, pengine una makala mbili au tatu, na kila moja inastahili kuandikwa peke yake.

Ukishaipata sentensi hiyo, chagua jarida kabla ya kuandika chochote. Kwa sisi wa Kiswahili yapo majarida kama Kiswahili na Mulika ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo Kioo cha Lugha, na ipo Swahili Forum inayosomwa bure mtandaoni. Tovuti ya AJOL (African Journals Online) imekusanya majarida mengi ya Afrika mahali pamoja. Soma matoleo mawili matatu ya karibuni ya jarida ulilolichagua, uone wanachapisha nini na mjadala umefikia wapi. Kisha soma mwongozo kwa waandishi mstari kwa mstari: idadi ya maneno, mtindo wa marejeleo, urefu wa ikisiri (muhtasari unaotangulia makala), lugha zinazokubaliwa.

Kazi ngumu zaidi ni mapitio ya maandiko. Katika tasnifu tumezoea mlolongo: fulani anasema, fulani anaeleza, fulani anadai, halafu mwisho wa kila aya, "kazi hii imetusaidia kupata mwanga". Kwenye makala mlolongo huo hauna kazi. Mhakiki ni mtaalamu wa eneo hilo na vitabu hivyo anavijua. Anachotaka kuona ni makundi ya hoja: nani wanakubaliana, wanapingana na nani, na swali gani limebaki bila jibu. Kurasa thelathini za sura ya pili ya tasnifu, ile ya mapitio, zinaweza kuwa aya nne, na aya hizo nne zitakugharimu muda kuliko zile kurasa zote. Fasili za fasihi ni nini na isimu ni nini ziache kabisa, isipokuwa kama fasili yenyewe ndiyo unayoibishania.

Ikisiri iandike mwisho. Hii hapa ni ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara: "Makala hii inachunguza maandishi ya kwenye daladala jijini Dar es Salaam. Data zilikusanywa kwa usaili na ushuhudiaji. Nadharia ya Simiotiki imetumika. Matokeo yanaonesha kuwa maandishi hayo yana dhima mbalimbali katika jamii. Tafiti zaidi zinapendekezwa." Haina kosa la sarufi, lakini maneno "dhima mbalimbali" yameficha utafiti mzima. Dhima zipi? Nani anachagua maandishi, dereva au tajiri mwenye gari? Tuseme uligundua kwamba mengi huchaguliwa na dereva, na kwamba baadhi yake ni maneno anayomrushia tajiri wake hadharani bila kumtaja. Liseme hilo hapo hapo, kwa maneno hayo hayo. Wengi wataisoma ikisiri tu, na ndiyo itakayowafanya wafungue makala yote au waipite.

Marejeleo yanataka subira. Kila jina lililo ndani ya makala lionekane mwishoni, na kila lililo mwishoni liwe limetumika ndani. Angalia matoleo pia: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 si ile ya 2004, na ukinukuu fasili kutoka moja ukaandika mwaka wa nyingine, mhakiki mwenye kamusi mezani ataligundua mara moja na kuanza kuutilia shaka uangalifu wako kwingineko.

Kabla ya kutuma, ondoa jina lako kama jarida linataka uhakiki wa kutojuana, yaani mhakiki asijue kazi ni ya nani. Kuna jina la kwenye ukurasa wa kwanza, kuna shukrani kwa msimamizi, kuna sentensi kama "katika tasnifu yangu", na kuna jina ambalo programu ya kuandikia hulihifadhi ndani ya sifa za faili. Kibali cha utafiti, kiwe cha COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, tume zinazotoa vibali hivyo, kiwe karibu. Kama msimamizi au mwenzako ni mwandishi mwenza, kubaliana naye mapema jina la nani litatangulia.

Tuma kwa jarida moja tu, usubiri jibu. Ukipata barua pepe ya sifa nyingi kutoka jarida usilolijua, linaahidi kukuchapisha baada ya siku chache mradi ulipe, mpelekee mkutubi wa chuo aliangalie kabla hujatoa hata shilingi.

Maoni ya wahakiki yakija, yasome, uyaweke kando siku moja mbili, kisha tengeneza jedwali: upande mmoja hoja ya mhakiki neno kwa neno, upande wa pili ulichobadilisha na ukurasa kilipo. Usiruke hoja hata moja, iwe ndogo kiasi gani. Pale usipokubaliana naye, eleza kwa heshima na uweke ushahidi kutoka kwenye data zako. Wahariri wanaipokea hoja ya namna hiyo, na nimeona makala zikikubaliwa huku mwandishi ameshikilia msimamo wake.