Chai ya Kifua: Maswali na Majibu ya Msimu wa Baridi

Baridi ya Juni hadi Agosti imetukalia Nairobi, na maswali niliyopokea karibu yote yanahusu chai ya tangawizi na majani kwa ajili ya koo na kifua. Nimechagua matano.

Ninachemsha tangawizi, mchaichai na mnanaa pamoja kwa saa nzima, lakini chai haina harufu. Ninakosea wapi? (Kangemi)

Unakosea muda. Tangawizi ni ngumu na huhitaji kutokota, ilhali harufu ya mchaichai na mnanaa imo katika mafuta mepesi yanayopaa pamoja na mvuke, kwa hiyo saa nzima ya kuchemsha hukuachia maji machungu. Kwa vikombe viwili vya maji, ponda kipande cha tangawizi mbichi kinacholingana na kidole gumba, utie karafuu mbili au tatu ukipenda, ufunike sufuria na uiache itokote kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Ukishaipua, ndipo utie majani yaliyokatwakatwa, ufunike tena kwa dakika 5 hadi 10, kisha uchuje. Ndimu na asali hutiwa kikombeni, chai ikiwa imepoa kiasi cha kunyweka. Tangawizi mbichi hupatikana kwa urahisi katika soko la Wakulima na kwa mama mboga wa mtaani kwenu, kwa hiyo sioni sababu ya kununua unga usio na jina wala lebo unaouzwa kwenye vituo vya matatu, ambao hata muuzaji huenda asijue umechanganywa na nini.

Nina pumu. Nikinywa chai hii kila siku, ninaweza kuacha inhela? (Kayole)

Usiiache. Kinywaji cha moto hulainisha koo na kulegeza kamasi, na nafuu hiyo ni ya kweli, lakini hakifungui mirija ya mapafu iliyobana kama ifanyavyo salbutamoli, dawa iliyo katika inhela ya kutuliza pumu, kwa dakika chache.

Ninalo swali la kukuuliza pia, nalo nimelirudia hapa kila msimu wa baridi: chai hiyo unaichemshia wapi? Wengi wetu huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga dirisha kwa sababu ya baridi, halafu huinama juu ya sufuria kutafuta nafuu ya kifua katika hewa ileile inayokiumiza. Moshi huchokoza pumu. Hata makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi wa kuonekana, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu usingizini. Chemshia nje, na jiko lisilale ndani hata kama limefunikwa kwa majivu. Kikombe kilichopikwa kwa gharama hiyo hakimfai mtu yeyote, sembuse mwenye pumu.

Mtoto wangu wa miezi minane anakohoa. Nimtilie asali kwenye chai? (Umoja)

Hapana. Asali haipewi mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaopoozesha misuli, na mbegu hizo haziuawi kwa kuchemsha jikoni. Endelea kumnyonyesha. Akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea anapovuta pumzi au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Nimekohoa kwa wiki tatu. Niongeze nini kwenye chai? (Kawangware)

Usiongeze chochote; nenda ukapimwe. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na ninasikitika kuona bado linaletwa kana kwamba ni suala la mapishi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kuchunguzwa kifua kikuu, ambacho hupimwa na kutibiwa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na kila wiki unayoipoteza kwa kubadilisha viungo unaweza kuwa unawaambukiza walio nyumbani kwako. Ukiona damu kwenye makohozi, ukitokwa na jasho jingi usiku au ukikonda, usingoje hata kesho.

Je, mafuta ya mkaratusi yanaweza kutiwa kwenye chai? (Lang'ata)

Kamwe. Kiasi kidogo tu kikimezwa kinaweza kumletea mtoto degedege, kwa hiyo ifungie chupa hiyo mbali naye. Na wanaojifukiza kwa majani yake wasimfunike mtoto chini ya blanketi pamoja na karai la maji yanayotokota, kwani maji hayo yakimwagika humuunguza vibaya.