Bwawa linalokauka halijafa

SWALI: Bwawa la kijiji chetu, wilaya ya Kibiti, zamani lilikuwa na vyura na ndege tele. Sasa limejaa tope, na kila kiangazi hukauka kabisa mpaka mvua zirudi. Tumepata mfadhili. Fundi anashauri kijiko kichimbe mpaka mita nne lisikauke tena, kisha tumwage vifaranga vya sato na samaki wa kula mbu. Tutajuaje kama viumbe vinarudi? (Mwenyekiti, kamati ya mazingira)

JIBU: Mwenyekiti, tope mliondoe, hilo halina ubishi. Lakini kukauka si ugonjwa, na nimechoka kuona mafundi wakiuza dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Waulizeni wazee kwanza. Wakisema bwawa lilikauka hata enzi zao, basi viumbe wake wameumbwa kwa hali hiyo. Ukanda wa mito ya Rufiji na Ruhoi una samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, madume yao yamekolea rangi utadhani yamechorwa. Hutaga mayai topeni, wakubwa hufa maji yakiisha, na mayai husubiri humo ardhini hadi mvua ijayo. Unguja wanaye wa kwao, Nothobranchius guentheri. Chukueni tope kavu la katikati ya bwawa, lowesheni kwenye beseni kwa maji ya mvua, mliangalie kila asubuhi. Mara nyingi baada ya siku chache utaona vidudu mfano wa kamba, vyembamba, vikiogelea chali. Hilo ndilo tope ambalo fundi anataka kulizoa lote kwa siku moja.

Kukauka huko ndiko kunakowafukuza kambare na samaki wengine wakubwa, na ndiyo sababu viluwiluwi wa chura huponea humo. Mkilifanya bwawa la kudumu mkatia sato, vyura mnaowalilia hawatarudi. Tena masika bwawa likifurika, sato watatoka mpaka mtoni na kuzaliana na perege wa asili. Hilo limeshatokea kwenye mito yetu, na uzao mchanganyiko hauna wa kuutenganisha tena.

Kuhusu "samaki wa kula mbu", hapa nitasema kwa ukali. Anayeuzwa kwa jina hilo mara nyingi ni Gambusia wa Marekani, aliyemo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Anakula viluwiluwi wa mbu, kweli. Anakula pia mayai ya vyura na watoto wa kereng'ende, ambao nao ni wawindaji wa mbu. Na baadhi ya mbu wa malaria hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua, hata maji yaliyotuama kwenye nyayo za ng'ombe. Samaki hafiki huko. Anayewaahidi kumaliza malaria kwa ndoo ya samaki anawadanganya.

Tope litoeni nusu kiangazi hiki, nusu kijacho, na mlipeleke mashambani, kwa sababu likiachwa ukingoni mvua italirudisha. Chimbeni shimo la majaribio kwa jembe. Mkifikia udongo wa mfinyanzi mgumu unaonata, simameni hapo. Tabaka hilo ndilo linaloshika maji. Kijiko kikilitoboa kikafika mchangani, maji yatazama, na fundi yuleyule atarudi kuwauzia nailoni ya kutandika. Kingo ziwe za mteremko, mbuzi na watoto waweze kutoka.

Ufuatiliaji uanze kabla ya kuchimba, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha. Simikeni mti wenye alama za sentimita, andikeni tarehe maji yanapoingia na yanapokwisha, pigeni picha kutoka sehemu ileile. Usiku baada ya mvua kubwa za mwanzo, watu wawili wasikilize vyura na kuandika wamesikia milio ya aina ngapi.

Halafu mwombeni fundi awaonyeshe kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde na cha idara ya uvuvi kwa hao vifaranga. Akianza kuzungukazunguka, pesa ya mfadhili ibaki benki.